Vyčítal hakuwa mwigaji

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa wiki iliyopita uliwapa wanamuziki wa country wa Jamhuri ya Czech sentensi moja tu: eti ni waigaji wa Wamarekani. Hapo mmewaonea, hasa marehemu Jan Vyčítal.

Vyčítal alizaliwa Prague tarehe 1 Machi 1942 na akafariki tarehe 1 Machi 2020, siku aliyotimiza miaka 78. Alikuwa mchora katuni, mwimbaji na mtunzi wa maneno ya nyimbo. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya Greenhorns. Enzi hizo banjo ya nyuzi tano haikuwa kitu cha kuingia dukani ukanunua. Marko Čermák, mpiga banjo wao na mchoraji pia, alijiundia ya kwake kwa kutazama picha za banjo ya mwimbaji wa Marekani Pete Seeger, aliyekuwa amepiga Prague mwaka 1964.

Haya, chukueni wimbo wa Mmarekani Johnny Cash wa gereza la Folsom, ambao Vyčítal aliutungia maneno ya Kicheki. Cash anaanza na treni inayokuja. Vyčítal hana habari na treni hiyo: anaanza na babu mwehu wa Texas, mzururaji, aliyeacha bunduki kuukuu darini. Onyo la mama kuhusu bunduki amelibakiza, lakini babu ni wake mwenyewe, na mimi naona hapo mkono wa mchora katuni. Mistari miwili tu, tayari mzee unamwona.

Baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Chekoslovakia mwaka 1968, majina ya Kiingereza yakawa nongwa kwa wakubwa. Bendi ikalazimika kujiita Zelenáči, yaani maana ileile kwa Kicheki: wageni wasiojua kitu. Walibadilishwa shati tu. Nyimbo zenyewe tayari zilikuwa za Kicheki, na watu walishazishika.

Naishi Brno, mji wa huku Czech, na wikiendi wenzangu wa kazini hunichukua msituni kuota moto. Soseji zao fupi nene huchanjwa msalaba ncha zote mbili, zikipata moto zinachanua kama ua. Mafuta yakianza kudondokea makaa, gitaa linatoka, na zamu ya babu mwehu haikosekani. Wanaimba vijana, anaimba na bibi mmoja asiyejua hata neno la Kiingereza. Mimi peke yangu ndiye ninayeguna guna nikitafuta maneno.

Safari moja nikawaimbia ya Cash, kwa Kiingereza. Fundi mmoja wa makamo, aliyeujua wimbo huo tangu utotoni kwa baba yake, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza huyo Mmarekani aliwaomba ruhusa Zelenáči au aliuchukua hivihivi.

Msomaji wenu,
Brno