Mikono kwenye sinia

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Barua hii itakufika Muscat Idi imeshapoa, maana namsubiri mjomba apate tiketi ndio nimpe aje nayo. Huku Kikwajuni sote wazima, ila bibi na goti lake. Sasa nikupe habari za kamera yako.

Ulipoondoka uliniambia nipige kila siku, hata kikombe. Basi vikombe nimepiga mpaka mama akaniuliza kama nafungua duka la vyombo. Ilipofika sikukuu mosi nikajiona nimeshahitimu. Nikatangaza kwamba mwaka huu chakula cha mchana nakipiga picha mimi, na mtu asiguse pilau mpaka niseme. Nikajiharibia hapo hapo.

Asubuhi kwenye boko boko sikuambulia kitu, watu wako mbioni kwenda na kurudi kuswali. Nikaanzia jikoni. Unalijua jiko letu la uani, giza tupu, mwanga unaingia mlangoni basi. Shangazi alikuwa ameshaipalia pilau, makaa yanapumua juu ya kifuniko. Nikamwomba afunue taratibu nipate ule mvuke. Akafunua. Mvuke wote ukanijia usoni, kioo cha lenzi kikawa cheupe pepepe, na nilichopata ni picha ya wingu. Nikakifuta kwa ncha ya kanga. Usinigombeze, najua.

Ndani ndiko kulikonishinda kabisa. Hii lenzi ya 18-55mm ukiivuta mpaka mwisho haifunguki kupita f/5.6, mwanga unaingia kiduchu, na chumba chetu hata adhuhuri kinataka taa. Nikaanza na flashi. Lahaula! Pilau iling'aa kama imepakwa vanishi, mapaji ya watu yanameremeta, na ukutani nyuma ya kila kichwa kuna kivuli cheusi kama mtu wa pili amekuja bila kualikwa. Nikaizima, nikapandisha ISO mpaka 3200 kamera inase mwanga zaidi, shata nikaiacha wazi 1/15 ya sekunde. Nyuso zikatoka angalau, lakini kila mkono uliokuwa ukienda mdomoni ukatoka kama bawa la kipepeo.

Halafu kuna sinia lenyewe, shoga. Umri wote huu nakula kwenye sinia na sikuwahi kuliwaza. Meza ina kichwa, ukisimama pale unawaona wote. Sinia ni duara, watu wameshaliziba, na popote utakaposimama pana mgongo wa mtu mbele yako. Isitoshe, mtu akila huinama. Nikazunguka wee, napiga visogo na mitandio. Wanaume walikuwa na sinia lao ukumbini na hawakunisubiri hata dakika moja. Nikawaambia wanawake tulivute letu hadi mlangoni penye mwanga. Mama mdogo akanitazama: "Pilau inapoa, na wewe unatuhamisha kama wapangaji!" Bibi akasema Bismillahi, akatia mkono, na utawala wangu ukaishia hapo.

Nilikasirika, nisikufiche. Nikapanda juu ya kiti, nikaielekeza kamera chini, nikapiga kama nane hivi bila hata kuchungulia. Kisha nikaenda kukaa uani na hasira zangu.

Jioni watoto walipokwenda viwanjani Mnazi Mmoja, nikamwonyesha bibi. Yeye ana picha moja ya usichana wake, alipigwa Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, ile studio ya mpiga picha Oza iliyofunguliwa mwaka 1930. Kasimama wima, mkono juu ya kiti, kama anasubiri hukumu. Kwake picha ndiyo hiyo, watu hawapigwi picha wakila. Zile za flashi akazipita bila neno. Visogo, vivyo hivyo. Tukafika kwenye mojawapo ya zile nilizopiga kutoka kitini: hakuna uso hata mmoja, ni mikono tu, na wali umechimbwa pande zote. Hapo akaomba miwani.

"Huyu shangazi yako. Anakula kwa kubana vidole tangu mdogo. Huyu mama yako, anamsogezea mtoto nyama. Huyu wifi yako, hina imemkolea kidole kimoja tu, si nilimwambia asinawe mapema? Huu wangu." Akaitaja yote saba, hakukosea hata mmoja. Mimi niliyepiga nilikuwa nimeitambua minne.

Kisha kidole kikasimama ukingoni mwa sinia, mahali ambapo wali ulikuwa mzima kama ulivyopakuliwa.

"Na hapa mbona hapajaguswa?"

"Hapo pangu, bibi."

Akaitazama tena. "Kaangalie jikoni, chini ya kawa."

Nilikuta pilau, mapande mawili ya nyama na ukoko wa kutosha. Nikala peke yangu saa mbili usiku, imeshapoa, kamera iko ndani kwenye mkoba wake.

Nimesafisha picha tatu, zimo humu. Ile ya wingu nimekutilia ucheke. Mjomba atakuwa huko wiki mbili. Kama ile lenzi yako ya 50mm, ya f/1.8 inayofunguka zaidi, bado hujaipatia mnunuzi, mpe aniletee, tutaelewana bei. Idi ya kuchinja haiko mbali. Na uniandikie, sikukuu ulikula kwa nani?

Wako,
mwenye vikombe