Kujua kubonyeza programu siyo kujua elementi finaiti

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji mwenzangu aliyeandika ati kijana wa Mwanza anayesomea hesabu za uhandisi anamalizia hela ya mzazi bure, kwa sababu mahesabu ya madaraja na meli yanakuja yameshapigwa huko nje. Nusu yuko sahihi, sibishi, hata daraja letu la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 hivi tulilofunguliwa Juni 2025 wajenzi wake walitoka China. Ila nusu ya pili imenikera, maana kazi hiyo, kwa mbinu inayoitwa elementi finaiti, ndiyo naifanya mimi hapa hapa Kirumba, juu ya duka la spea za injini za boti, laptopu moja na feni.

Elementi finaiti ni hivi. Una kitu chenye umbo la ajabu ajabu, tuseme taruma la boti au nguzo ya daraja, huwezi kukipigia hesabu kizima kizima, basi kwenye kompyuta unakikata vipande vidogo vidogo, kila kipande kina kanuni yake nyepesi, unaviunganisha kwenye ncha zake, inatoka milinganyo elfu kumi au hata milioni, kompyuta inaifumbua halafu inakwambia kitapinda kiasi gani na wapi kinaumia zaidi. Ule utando wa vipande tunauita meshi, na mtu wa ziwani hahitaji kufundishwa meshi, ni nyavu tu, ina macho. Macho makubwa yanamshika sangara, dagaa anapita zake. Na wala siyo kitu cha jana, watengeneza ndege wa Marekani walikuwa nacho tangu miaka ya 50, jina lenyewe alilitoa profesa mmoja, Ray Clough, mwaka 1960.

Sasa nisimulie aibu yangu. Mama mmoja mwenye nyumba kule juu Mabatini alitaka stendi ya simtanki la lita 5,000, yaani tani 5 za maji zimekaa juu ya mawe, na chini yake watoto wanacheza. Nikaichora, nikapiga, kwenye kona ya ndani pale mguu unapokutana na boriti mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kieneo kidogo cha chuma, ukaja megapaskali 118. Chuma cha kawaida kinaanza kulegea kwenye 250 hivi, nikasema safi kabisa, nikatuma ripoti yenye picha za rangi, nyekundu, njano, bluu, mama akafurahi. Usiku nikaona niipendezeshe, nikapunguza macho ya meshi nusu. 162. Nikapunguza tena, 222. Tena, 304! Nilitoka jasho mhariri, stendi ni ile ile, maji ni yale yale, ila kila nikiangalia kwa karibu inazidi kuumia.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea wa hapo Mabatini, nikamwamkia, nikamwonyesha kwenye laptopu. Mzee hakuacha hata grenda yake, akasema injinia, hiyo kona nimeshairudia mara ngapi mimi, stendi zote zinapasukia hapo, ndio maana tunawekaga kipande cha pembetatu.

Maelezo ya kwa nini namba ilikuwa inapanda nilikuwa nimeyasoma chuo nikayajibia mtihani nikayasahau: kona kali ya ndani, kihesabu, mkazo wake hauna mwisho, ukitumia kanuni za kawaida za chuma namba itapanda kila ukikata vipande vidogo zaidi, haitatulia mpaka kesho. Ile 118 haikuwa jibu, ilikuwa bahati ya macho makubwa. Inabidi uichore kona na mviringo wake halisi wa weldi, au uache kuiamini namba ya pale na kuangalia nguvu zinazopita kwenye kiungo kizima. Programu haikuniambia lolote, ilinipakia rangi tu.

Na usidhani ni sisi wa laptopu za mtumba peke yetu. Norwei, tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A kilikuwa kinazamishwa taratibu kwa majaribio, ukuta mmoja ukapasuka, dakika 18 hivi kimekwenda chini. Walipochunguza wakakuta meshi ilikuwa mbovu, nguvu ya kukata kwenye ule ukuta ilihesabiwa pungufu kwa asilimia 47. Wakarudia hesabu kwa umakini, ikasema ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye 65. Yaani mbinu ni nzima kabisa, aliyelala ni mtumiaji.

Kwa hiyo tukija kwenye ajira. Kuna ofisi moja, siitaji, waliniita intavyuu, swali la kwanza unajua programu gani, la pili ngapi, la tatu una leseni yako mwenyewe. Nikasema natumia CalculiX na Code_Aster, za bure zote, wakaangaliana kama nimesema nimekuja na baiskeli. Hiyo Code_Aster imetengenezwa na shirika la umeme la Ufaransa kwa ajili ya mitambo yao, vinu vya nyuklia vikiwemo, lakini basi. Hakuna aliyeniuliza nitajuaje kama jibu langu ni la uongo.

Kwenye utafiti ndiko wanakouliza hilo. Uholanzi na Ujerumani mwanafunzi wa PhD wa fani hii mara nyingi ni mwajiriwa, ana mshahara, na kazi zenyewe ni nyufa kwenye zege, mifupa ya bandia, mabawa ya ndege, maji yanavyopita ardhini. Kwa hapa nyumbani kazi yenye jina hilo kwenye tangazo ni ya kutafuta kwa tochi, sitamdanganya mzazi. Ila hiyo tochi haimsaidii anayejua kubonyeza tu. Kijana aanze na aljebra ya matriksi, yaani hesabu za majedwali ya namba, mpaka aote nayo, halafu aandike programu yake mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya Python, ya paa la banda, vyuma saba inatosha, akimaliza ahakiki kwa kalamu.

Mimi Jumamosi mchana nakaa na vijana wanne hivi kwa kazi hiyo, mwenye laptopu yake aje nayo. Kuna binti amemaliza form siksi mwaka huu, paa lake la kwanza kompyuta ilikataa kabisa kulipigia, tukahangaika saa nzima, kumbe alisahau kulifunga kwenye kuta, paa linaelea hewani halijui libaki wapi. Wiki iliyopita kalifunga, likapinda milimita 4, na kalamu ikatoa 4. Sasa anataka tumpelekee yule fundi wa Mabatini aone.

Ni mimi msomaji wako,
Kirumba, Mwanza