Tusio na mwajiri turuhusiwe kulipia SHA kwa msimu

Mhariri,

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ya Kenya ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, mnamo Oktoba 1, 2024, mjadala umetawaliwa na asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mishahara. Sisi tusio na mwajiri, ambao ndio wengi nchini, tuna dukuduku jingine: tunadaiwa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Ifahamike kwamba katika mpango huu mwajiri hachangii chochote. Kazi yake ni kukata mshahara na kuwasilisha fedha kila mwezi. Kwa hivyo anachotuzidi mwajiriwa ni ruhusa ya kulipa kidogo kidogo tu, ruhusa ambayo hata sisi tulikuwa nayo enzi za NHIF, tulipokuwa tukituma shilingi 500 kila mwezi. Kiwango cha chini sasa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hilo nalisifu, ila zinatakiwa zote 3,600 kwa pamoja, na wengi hutozwa zaidi ya hapo, kwani kipato chao hukadiriwa kwa kuulizwa kuhusu paa, maji na choo cha nyumba wanamoishi. Mimi ni mpangaji. Bati na choo ni mali ya mwenye nyumba.

Ushonaji wangu hapa Mombasa huchangamka Idi inapokaribia na shule zinapofunguliwa Januari, na miezi mingine hupata kodi na chakula tu, sawa na mvuvi ambaye mapato yake hupungua kusi inapovuma. Bima za kampuni za kibinafsi, zinazogharimu makumi ya maelfu kwa mwaka, hatuziwazii. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo, na sioni kwa nini mtu akope ili alipe kwa awamu kile ambacho mwajiriwa hulipa kwa awamu bila deni.

Kanuni zirekebishwe ili tulipe kila robo mwaka, na bima ifanye kazi kwa kipindi kilicholipiwa. Najua kuna hofu kwamba watu watalipa wakiugua na kuacha wakipona. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaweza kutatuliwa kwa kuweka muda wa kungoja kabla ya anayejiunga upya kulazwa kwa gharama ya bima. Kamati ya Afya ya Bunge la Kitaifa iiite SHA iulizwe kwa nini haijafanya hivyo.

Fundi cherehani,
Mombasa