Barua ya wazi kwa vijana mliopangiwa kazi ya uigaji wa vyombo vya anga

Wanangu,

Nasikia mnanung'unika. Mlitamani kuunda injini, mkapangiwa kuigiza safari kwenye kompyuta, na sasa mnajiona mmewekwa pembeni. Mimi maisha yangu ya kazi nimeyamalizia hukohuko pembeni, basi nisikilizeni.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya kwanza ya Ariane 5, roketi ya Ulaya, iliruka kutoka kituo cha Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika baada ya sekunde kama 40. Kifaa kilichoipa habari za mwelekeo na mwendo wake kilirithiwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, programu yake ikiwemo. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande. Namba iliyotokana na kasi hiyo ikakua hata isienee kwenye biti 16, nafasi iliyotengewa kwenye programu. Kifaa cha kazi na cha akiba vyote vikazima, maana programu ilikuwa moja.

Kinachoniuma hadi leo ni hiki: katika majaribio ya uigaji kifaa chenyewe hakikuwekwa, kiliigizwa tu. Baada ya ajali, wachunguzi waliilisha programu ile data ya safari yenyewe, na hitilafu ikajitokeza vilevile, mezani, bila roketi kuungua.

Kwa hiyo mkiambiwa sehemu fulani "imeshathibitishwa", ulizeni: ilithibitishwa kwa njia ipi, kwa kasi ipi? Wala mchoro laini kwenye skrini usiwatulize. Punguzeni hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho kompyuta hupiga hesabu moja baada ya nyingine, iwe nusu, mwone kama jibu linasimama palepale. Badilisheni uzito, upepo na makosa ya vihisi, mrushe chombo mara maelfu, kisha mkae na zile safari chache zilizoharibika. Humo ndimo kazi ilimo.

Na msiwaonee haya wakubwa. Kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua Mwezini, wakufunzi wa simuleta (mtambo wa kuigiza safari) huko Houston waliwatupia waongozaji wa safari onyo la kompyuta wasilolijua, nao wakakatisha kutua bila sababu. Liliwauma, lakini Jack Garman, mhandisi wa kompyuta wa NASA, akaandika orodha ya maonyo yote. Tarehe 20 Julai 1969 onyo la 1202, la kompyuta kuzidiwa na kazi, lilipotokea kwelikweli, kijana huyo wa miaka 24 alikuwa na jibu tayari: waendelee.

Msiombe uhamisho kwanza. Kesho fungueni orodha ya dhana zilizomo kwenye modeli mliyokabidhiwa, mtafute iliyoandikwa kwa ajili ya chombo kingine.