Kaka, kabla hujawasha gari la Baba

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako kwenye grupu la familia niliuona. Wenzangu waliweka maua na vigelegele, mimi nikakaa kimya, na najua uliona kimya changu. Unataka mwanao, siku ya harusi yake, apande kwenda Soni, juu Usambara, ndani ya Volkswagen ya Baba, wewe mwenyewe ukiwa kwenye usukani. Mimi ni shangazi mtu, siwezi kumzibia mtoto furaha yake. Gari lipo, limefunikwa turubai palepale chini ya mwembe, na kila Jumapili naliwasha. Ila kwa simu tutagombana, na kwenye grupu watasema nafukua makaburi. Basi nakuandikia hapa, ambako hakuna anayejua wewe ni nani.

Nianze na mlima. Toka Mombo alfajiri, jua la pale unalijua. Ukianza kona usiling'ang'anize gia ya tatu eti unabana mafuta. Weka ya pili, liache lilie. Injini ile iko nyuma, haina rejeta wala tone la maji. Inapozwa na feni, na kasi ya feni inafuata kasi ya injini. Ukiivuta kwa gia kubwa huku inagugumia, feni inalegea wakati ule ule injini inapochemka. Baba alikuambia haya mara ngapi? Alikuwa akianza na Safari Rally ya 1962, Fjastad alivyoshinda na Volkswagen yake, sisi tunakonyezana, kisha anarudi kwenye gia. Wewe ulikuwa unatazama simu.

Na taa nyekundu. Hapa ndipo naomba unisikilize, kwa sababu mpaka leo ukisimulia habari ile unasema "taa ya betri." Ndiyo, ni taa ya chaji. Kwenye gari lako la huko Muscat ikiwaka pengine utajikongoja hadi nyumbani. Kwenye ile ya Baba, mkanda unaozungusha dainamo ndio huo huo unaozungusha feni, maana feni imefungwa kwenye mhimili wa dainamo. Mkanda ukikatika, taa inawaka, na tangu hapo hakuna hewa inayofika kwenye silinda. Unazima. Hapo hapo, hata kama ni katikati ya kona.

Wewe siku ile ulipanda mlima nayo ikiwaka. Ulikuwa unawahi mazishi ya Ba'mkubwa, na maiti haisubiri, hilo sikulaumu. Uliwahi, ukatupa udongo kaburini. Injini ndiyo haikufika.

Najua utakalojibu, kwa hiyo nalisema mwenyewe. Mkanda wa akiba ulikuwemo mbele kwenye buti. Spana namba 21 ya kufungulia nati ya puli haikuwemo. Niliichukua mimi siku mbili kabla, kukazia pampu ya maji ya jirani, nikaisahau chumbani chini ya kitanda. Haya, nimesema, wasome wote. Lakini Kaka, barabara ile ina malori. Ungesimamisha dereva mmoja tu, asingekosa spana. Kubadili mkanda ule ni kazi ya robo saa: unazuia puli kwa bisibisi kwenye ule mkato wake, unafungua nati, unavaa mkanda, unapanga washa zile nyembamba hadi mkanda ubonyee kama sentimita moja na nusu, unakaza. Nilikuwa naifanya nikiwa na miaka kumi na minne, Baba akinipa kwa sababu mkono wangu mdogo ulipenya popote. Kwa hiyo usiniambie spana.

Ila hilo la mlima nilikwisha kulisamehe. Injini hufa. Lililonikaa ni la ile jioni uliporudi nalo kutoka gereji.

Ulimwambia Baba fundi ameifungua, amebadilisha ringi na pistoni, bloku ni ile ile. Baba hakubisha. Akaomba kadi ya gari na kigoda, akaketi nyuma, kadi mkononi. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili. Akasema, "Nisomee namba." Mimi nilishika tochi. Namba ilikuwa mahali pake, imegongwa kwenye bloku chini ya kitako cha dainamo, juu ya puli kubwa, na nilikuwa nimetoka kuifuta grisi kwa tambara la mafuta ya taa. Ilisomeka kama maandishi ya ubaoni. Herufi ya kwanza ilikuwa D.

Ukainama, ukasema, "Efu."

Kisha ukataja tarakimu zote, moja moja, kama zilivyo kwenye kadi, hukukosea hata moja. Baba alikuwa anazifuata kwa kidole juu ya karatasi asiyoiona. Uongo wa kubanwa ghafla ningekuelewa. Ule ulikuwa umekaa mahali ukaukariri.

Akasema, "Haya, funga."

Nyie wengine mnaosoma, F ni injini ya cc 1300, D ni ya cc 1200. Kwa nje ni mapacha. Hata pistoni zake ni za upana mmoja, milimita 77. Tofauti ni mwendo wa pistoni kupanda na kushuka, 69 kwa 64. Milimita tano tu, lakini ni nguvu za farasi 40 dhidi ya 34, na mtu aliyeendesha gari moja miaka yote ile anazisikia kwenye kisigino. Mwezi uliofuata, tukitoka Muheza, Baba alilazimika kushusha gia mahali ambapo hakuwahi kushusha. Akacheka kidogo. "Gari limezeeka, mwanangu, linachoka kama mimi." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Unaona? Na mimi nilisema uongo. Lakini ningesema nini? Ningesema namba, ungesema spana, na yeye mgonjwa.

Injini uliyoileta kwa njia ile nimeilea mimi. Haina filta, ina kichujio cha waya tu, kwa hiyo oili naimwaga kabla haijafika kilomita 5,000, lita mbili na nusu, na chujio nalisafisha kwa mkono wangu. Tapeti za vali naziseti injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15, na silinda ya tatu naikagua mara mbili, maana kipoza oili kiko njiani mwa hewa yake na vali zake ndizo huungua kwanza. Fundi mmoja alitaka kung'oa mpira unaozunguka injini, eti ipate hewa. Nilimfukuza. Ule mpira ndio unaozuia joto la chini lisipande likavutwa tena na feni. Haivuji, Kaka. Njoo uone sakafu.

Kwa hiyo gari utalipata, na nitalipamba maua mwenyewe. Spana namba 21 iko chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwenye kitambaa. Nina sharti moja. Ukifika, kabla hujawasha, mwite mwanao na mkwe wetu waje na kadi. Wewe fungua nyuma, uisome namba kwa sauti, ile iliyopo. Tochi nitashika mimi.

Na mikanda ulete miwili, huku nimetafuta sijapata wa saizi yake.

Mdogo wako.