Makocha Wasaidizi Wetu Wasiondoke: Wito wa Harambee, Timu ya Besiboli ya Chuo

Ndugu wahitimu, wazazi, walezi na marafiki wote wa chuo chetu cha ualimu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na majukumu.

Tunawaandikia tena, na kwa kweli tunaona haya, maana wengi wenu mlishatoa mwaka jana. Mlinunua glovu, mkalipia basi, na wapo akina mama wa jumuiya waliowafungia vijana chakula cha njiani bila kuombwa. Hatujasahau. Safari hii hatuombi vifaa. Tunawaombea watu watatu ambao hawajawahi kutudai hata senti: makocha wetu wasaidizi.

Kocha mkuu mnamfahamu, ni mwalimu wa michezo na mshahara wake upo. Wasaidizi wake hawana mshahara, hawana posho, hata nauli hawana. Wengi wenu mnawaona tu kwenye picha za timu wamesimama pembeni. Tumeona tuwaeleze ni akina nani na walikotoka. Majina tumeyaacha kwa ridhaa yao.

Wa kwanza ni fundi viatu wa pale getini. Alianza kwa kutushonea mipira. Mpira wa besiboli una mishono 108 ya uzi mwekundu, na dukani huku kwetu haupatikani, kwa hiyo ukifumuka ama ushonwe ama utupwe. Masika ndiyo yanayotumaliza: mpira ukilowa ngozi inavimba, ukikauka ngozi inakakamaa na uzi unakatika. Vijana wakawa wanampelekea mfuko mzima. Alishona bila malipo, huku akiuliza kila mara kwa nini mshono umechakaa zaidi mahali fulani. Siku mtupaji wetu mmoja, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, alipomwonyesha jinsi vidole vinavyokaa, fundi akauzungusha ule mpira mkononi muda mrefu, akaomba na yeye ajaribu. Leo ndiye kocha wa watupaji. Vidole viwili vikikatiza mshono, mpira unanyooka na kwenda kasi. Vikilala sambamba na mshono, mpira unazama na kuvuta pembeni. Hayo yamo vitabuni. Yeye anawafumbisha macho, wautafute mshono kwa ncha za vidole mpaka mkono uuzoee. Hakumaliza darasa la saba, lakini wanachuo wanaosomea ualimu wanamwita Mwalimu, na sisi tunamwita hivyo hivyo.

Wa pili ni dada yetu anayeuza mboga sokoni asubuhi. Utotoni alikuwa gwiji wa rede, na aliyewahi kusimama katikati wakati wawili wanamlenga kwa mpira wa soksi anajua shabaha na wepesi vinavyojengwa. Baadaye alicheza netiboli, nafasi ya ulinzi. Kwenye netiboli ukishadaka huruhusiwi kukimbia na mpira; una sekunde tatu tu za kuuachia. Hapo ndipo alipotusaidia. Vijana wetu wa kulinda besi, yaani vile vituo anavyokimbilia mpinzani, walikuwa wakidaka vizuri, kisha wanapiga hatua mbili tatu za bure kabla ya kurusha, na mpinzani keshafika. Dada amewafundisha kudaka, kutua, kugeuka kwa mguu mmoja na kurusha kwa mkupuo mmoja. Wapo waliowahi kutuuliza mwanamke atafundishaje wanaume. Tunawajibu kwa heshima: mwaka 2020 San Francisco Giants, timu ya ligi kuu ya Marekani, ilimteua Alyssa Nakken kuwa kocha msaidizi, naye alitokea softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, ya chuo kikuu cha Sacramento State.

Wa tatu ni kijana wa bodaboda, na ndiye pekee kati yao aliyecheza besiboli tangu shuleni. Yeye ni tunda la Wajapani waliojitolea kufundisha besiboli nchini. Ndio walioleta wazo la mashindano ya shule za sekondari yaliyoanza nchini mwaka 2014 kwa jina la Koshien, uwanja uliofunguliwa Japani mwaka 1924 ambako vijana wa sekondari wa huko hupambana kila kiangazi. Mwaka 2018 shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam, ikapata uwanja halisi wa besiboli, na kijana wetu ameucheza. Ametuletea nidhamu ya kule Japani: kuinamia uwanja kabla ya kuingia, kuusawazisha udongo baada ya mazoezi, na kuandika kila mpira uliorushwa kwenye daftari la mechi. Daftari hilo ndilo limetuonyesha mtupaji gani anachoka baada ya raundi ya tatu na anayestahili kupumzishwa. Kabla yake tulikuwa tunakisia.

Huyu kijana ndiye sababu ya haraka yetu. Mazoezi ni saa kumi jioni, saa ambayo abiria wa bodaboda ni wengi kuliko zote. Kila jioni aliyokuwa nasi alikuwa anapoteza pesa, na hesabu ya tajiri haisubiri. Mwezi uliopita hesabu hazikutimia, tajiri akachukua pikipiki yake. Hakutuambia. Mwanachuo mmoja alimkuta barabarani jioni, zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka kwake, daftari la mechi amelifunga kwenye nailoni lisilowe. Alipoulizwa akasema anafanya mazoezi ya kukimbia. Sasa amepata tetesi za kibarua mkoa mwingine, na hatuwezi kumlaumu akienda.

Tatizo hili si letu peke yetu. Hadi katikati ya mwaka 2023, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kwa timu za besiboli za daraja la kwanza kwenye vyuo vikuu vya Marekani ziliruhusu wasaidizi wawili tu wa kulipwa. Wa tatu alikuwa wa kujitolea, asiye na mshahara. Tangu tarehe 1 Julai 2023 wa tatu naye anaweza kuajiriwa. Sisi tunao watatu, na wote ni wa kujitolea. Maandiko yanasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na Mtume Muhammad (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la hawa limekauka mara nyingi.

Tunachohitaji ni shilingi 2,650,000. Kati ya hizo, 1,620,000 ni nauli na chakula, 60,000 kwa mwezi kwa kila msaidizi, kwa miezi tisa ya mwaka wa masomo. Mafunzo ya ukocha Dar es Salaam kwa wote watatu, yaani safari, malazi na kula, ni 780,000. Deni la hesabu za pikipiki ni 210,000, na 40,000 ni uzi, nta na sindano za fundi wetu. Mkononi tuna 385,000, zilizotoka kwa wanachuo wenyewe, ambao nao mnajua hali zao. Zimebaki 2,265,000.

Ndugu wahitimu, wengi wenu mmeweka picha mkiwa na jezi ya timu hii, na tunafurahi sana kuziona. Wapo pia walioahidi mwaka jana mbele ya mgeni rasmi, wakapigiwa makofi, na ahadi zao bado zimo daftarini. Hatutataja majina. Tunaomba tu wakumbuke. Asiye na fedha alete mchele, au atoe lifti kwa msaidizi siku za mazoezi, vyote tutaviandika.

Kila mchango utapewa risiti. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa kwenye kikao cha wazazi. Fedha za mafunzo zitalipwa moja kwa moja kwa wahusika, na deni la pikipiki litalipwa mbele ya mashahidi wawili wa kamati.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi, kwenye bwalo la chuo. Walio mbali wapitishe michango kwa wawakilishi wa mwaka wao, ambao wana namba ya mweka hazina. Tajiri wa pikipiki amekubali kuishikilia hadi Jumatatu itakayofuata. Baada ya hapo anampa dereva mwingine. Kwa hiyo anayeweza kutanguliza chochote kabla ya siku ya harambee, tafadhali atangulize.

Mungu awazidishie.

Kamati ya Wazazi na Wahitimu, Timu ya Besiboli