Bangili ya mtoto mchanga ianzie kwenye ngozi na betri

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lenu habari za wanafunzi wa hapa Bukavu wanaotaka kuunda bangili ya elektroniki ya kumvalisha mtoto mchanga, itakayopima joto la mwili wake na kutuma taarifa kwenye simu ya mzazi. Nawapongeza kwa moyo wote, kwa sababu mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni kali, na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hupoteza joto upesi huku mama yake amelala kwa uchovu. Lakini katika habari ile simu ilitajwa tangu mwanzo hadi mwisho, na betri haikutajwa hata mara moja.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kadutu. Karibu kila wiki naletewa simu ambayo mgongo wake umeinuka, na nikiufungua nakuta betri ya lithiamu imevimba kama andazi. Betri hiyo ikitobolewa, ikikunjwa au ikichajiwa kupita kiasi inaweza kuwaka. Najua pia jinsi vijana wanavyofanya majaribio yao: huchomoa betri katika simu mbovu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana. Kwa redio sina neno. Kwa mkono wa mtoto wa kilo mbili nakataa kabisa, na hata iliyo mpya isichajiwe kamwe wakati bangili iko mwilini.

Betri ya duara, ile ya milimita 20 na volti 3, nayo ina hatari yake. Ikimezwa na kukwama kwenye umio, mate hupitisha umeme, na kwenye upande wake hasi hutokea magadi makali yanayounguza nyama. Ndani ya saa 2 madhara yanaweza kuwa makubwa, hata kama ni betri ambayo sisi tungeitupa kwa kuona imekwisha. Mtoto mchanga hawezi kuiokota, lakini kaka yake wa miaka miwili anaweza. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 ili vifuniko vya betri hizi visifunguliwe na vidole vya watoto. Skrubu iliyokazwa barabara inatosha, nayo haina gharama kubwa.

Kuhusu ngozi, naomba nieleze yaliyotupata. Binti yangu alizaliwa kwa miezi saba. Hospitalini walimfunga mguuni kipimo cha oksijeni, kile chenye taa nyekundu, kikakaa mahali pale pale usiku kucha bila kuhamishwa. Asubuhi mke wangu alipoubandua utepe, ngozi ilitoka pamoja na gundi, ikabaki alama ya mviringo, nyekundu iliyokolea. Leo ana miaka tisa na kovu bado liko kisiginoni. Kwa hiyo bangili isibandikwe kwa gundi. Iwe na mkanda laini unaonyumbuka, usio na nikeli (madini yanayoweza kuwasha ngozi) upande wa ngozi, na joto lake lisifike nyuzi 41 hata siku saketi ina hitilafu.

Na je, simu ni ya lazima? Nchini India kuna bangili iitwayo Bempu ambayo hulia yenyewe joto la mtoto likishuka chini ya nyuzi 36.5, mama akaamka na kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Hapa kwetu umeme hukatika na simu huzimika usiku. Mlio wa bangili yenyewe utamfikia mama bila mtandao.

Wanafunzi hao wakikubali, waje mezani kwangu siku yoyote baada ya saa nane mchana, pamoja na muuguzi mmoja anayehudumia watoto wachanga. Nimewawekea betri tatu zilizovimba, wazione kwa macho yao kabla hawajaunganisha waya wa kwanza.

Fundi wa simu,
Kadutu, Bukavu